Majina ya Ng'ombe wa Saruni

Kwamwenda, Handeni. Jumanne, 3 Septemba 1974

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Grasiana wa elimu ya watu wazima. Anasema mtu aliyefika darasa la nne hana haja ya kukaa na wenzake akiimba a e i o u. Aandike mambo yake kila siku, na mwisho wa mwaka amwonyeshe. Kuandika nimekubali. Kumwonyesha tutaona huko mbele.

Basi, mimi ni Mwaija binti Mwinjuma, miaka thelathini na minane, mjane, na kazi yangu katika kijiji hiki cha ujamaa ni kuzama. Marehemu baba alikuwa akizama mto Pangani kule Korogwe, kusafisha mdomo wa pampu ya shamba la mkonge. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akanifundisha mimi.

Shimo letu lilichimbwa na Wajerumani waliokuwa wakitafuta vito. Walipata maji, wakakasirika, wakaenda zao. Baadaye Mgiriki wa mkonge alitoboa ubavu wa kilima akapitisha bomba la chuma kutoka chini ya shimo hadi bondeni, ambako sasa kuna koki ya watu na birika la kunyweshea ng'ombe. Mdomo wa bomba uko pima saba chini ya maji. Ukiziba, bondeni hakutoki hata tone. Watu wanaweza kuteka kwa ndoo na kamba kutoka ukingoni, ingawa ni kazi ya kuvunja mgongo. Ng'ombe hawawezi, maana kingo zimesimama wima.

Leo nimezama mara mbili. Nalikumbatia jiwe lililofungwa kamba, navuta pumzi ya mwisho, najiachia. Jiwe ndilo linalonishusha. Sipigi mguu wala mkono, kwa sababu kila ukijitikisa unakula pumzi yako. Chini naliweka jiwe, nafungua chujio, natoa uchafu, kisha napanda kwa kuivuta ile kamba, mkono huu na huu. Juu ya mdomo wa bomba mwamba umetokeza kama baraza ya nyumba, na kule ni giza tupu. Asiyeifuata kamba ataibukia chini ya mwamba na atabaki hukohuko.

Anayenishikia kamba ni Saruni, mfugaji. Mwenyekiti alimchagua kwa kuwa ng'ombe wake ndio wengi birikani. Wanawake wa hapa wamesema waliyoweza kusema, mjane na Mmasai na kamba moja, mpaka wamechoka wenyewe. Mama yangu alipokuwa akimshikia baba alipima pumzi kwa Alhamdu: Alhamdu sita, halafu anavuta. Saruni hajui Alhamdu. Nikamwambia basi hesabu mpaka mia. Akasema kuhesabu hapendi. Yeye anataja ng'ombe wake. Kwao ng'ombe hawahesabiwi, ni kuwatakia mabaya. Jioni wanatajwa majina, na anayekosekana anajulikana. Anaanza na Narok, bibi wa wote, anamaliza na Nanyokie, polepole, kila jina na nafasi yake. Akishamtaja Nanyokie anaivuta kamba pamoja na jiwe, niwe nimeishika au sijaishika. Ndivyo tulivyokubaliana, kwa sababu mtu aliyeishiwa nguvu huvutwa, hangojwi.

Chini simsikii. Lakini majina yote arobaini nimeyashika kwa mpangilio wake, na nayataja moyoni sambamba naye.

Jumatano, 4 Septemba

Upepo. Vumbi limeingia mpaka kwenye uji.

Ijumaa, 6 Septemba

Jonathan, dereva wa lori la ushirika, ameleta ujumbe kutoka Magoma. Mama anaumwa. Nilimuuliza anaumwa nini. Akasema, "Kifua, mama. Nimemkuta amekaa kitako mlangoni, analala hivyohivyo ameketi. Anavuta pumzi, halafu inakatika, mpaka unafikiri basi tena, halafu inarudi."

"Amesema nini?"

"Amesema, mwambie Mwaija aje."

Mama hajawahi kuniita. Hata mume wangu alipofariki alisema, wewe kaa, mimi nitakuja. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Nilimwomba Jonathan anichukue kesho. Alitazama usukani. Bila barua ya mwenyekiti hawezi kumpakia mtu, alisema. Mgambo wa njia panda wanawashusha watu na mizigo yao, na mwezi uliopita yeye mwenyewe alilazwa mahabusu kwa ajili ya bibi mmoja na kuku wake.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilikwenda kwa Mwenyekiti Rehani asubuhi kabla hajatoka kwenda shamba la kijiji.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, binti Mwinjuma. Bomba vipi?"

"Bomba zima. Naomba barua ya wiki mbili. Mama yangu ni mgonjwa, Magoma."

Alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu Rehani si mtu mbaya, ni mtu mwenye hofu. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, wiki mbili? Bomba linaziba kila baada ya siku nane. Ukiondoka wewe nani atazama? Nitawaambia nini watu wa wilaya, kwamba nimemruhusu mzamiaji aende kutembea na kijiji kikauke? Subiri mvua."

Sasa naandika jambo ambalo Mwalimu Grasiana hatalisoma hata akinipigia magoti.

Bomba lile haliwezi kuziba kila baada ya siku nane. Fundi wa wilaya alishasema, chujio lile ni zuri, litaziba mara moja kwa mwaka wakati wa masika. Anayeliziba ni mimi. Nilianza mwaka jana. Walipojua kazi yangu walinisamehe shamba la kijiji, kwa kuwa mzamiaji lazima apumzike, na dukani nikawa napewa sukari bila kupanga foleni. Bomba lilipokaa miezi miwili bila kuziba, Rehani akaanza kuniuliza jembe langu liko wapi. Basi siku moja, nikiwa chini, nilisokomeza tonge la katani nyuma ya chujio. Tonge lenyewe halizibi. Linakamata tope, na tope ndilo linaloziba, taratibu. Naziba leo, nazibua wiki ijayo, nashukuriwa. Nilijiambia hakuna anayeumia. Watu wanateka kwa ndoo siku moja, ng'ombe wanachelewa kunywa siku moja.

Sasa tonge langu mwenyewe ndilo linalonizuia kwenda kwa mama.

Jumanne, 10 Septemba

Nimezama, nimetoa kila uzi wa katani, sikuweka kitu. Rehani akishaona bomba linakwenda lenyewe, ataniachia. Nimejisikia mwepesi siku nzima.

Jumanne, 17 Septemba

Tumeanza mfungo. Jua kali. Maji yanatoka vizuri.

Jumapili, 22 Septemba

Yanatoka.

Jumatatu, 30 Septemba

Siku ishirini bila kuziba. Nilikwenda kwa Rehani nikiwa na hakika, nimeshafunga hadi nguo kwenye kanga. Alikuwa akipukuchua mahindi. Nikamwambia, mwenyekiti, umeona, bomba halizibi tena, naweza kwenda.

Alicheka kwa furaha. "Nimeona! Si kwa sababu upo? Toka uombe ruhusa ya kwenda kwa mama yako nikakukatalia, umelisafisha kwa uchungu, mpaka limetulia. Watu wote wanasema. Binti Mwinjuma, wewe ukiondoka lile bomba litajua."

Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Mdomo ulifunguka. Lakini nilimwona tayari anavyoitisha mkutano, neno la uhujumu, mgambo wawili, Handeni mjini, na mama akiambiwa mwanao amefungwa. Nikaufunga.

Akaongeza kwamba kwa kuwa bomba limetulia, kesho nitoke na jembe na wenzangu.

Nje nilimkuta Saruni anamngoja. Naye alitaka barua, apeleke ng'ombe Mkomazi kabla nyasi hazijaisha. Nilimsubiri. Alitoka uso umekaza. "Amesema birika lina maji. Mwenye maji anaondoka kwenda wapi?"

Tukarudi pamoja. Nilimchukia Rehani njia nzima. Nilikuwa sijamchukia mtu hivyo tangu nikue.

Alhamisi, 3 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa. Nilisema nakwenda kukagua chujio. Nilizama na katani iliyofungwa kiunoni ndani ya kaniki, si tonge, ni furushi, nami nina saumu, koo kavu, nikalisukuma ndani ya bomba kwa mkono mpaka kiwiko. Mawazo yangu yalikuwa haya: bomba likiziba nami nikashindwa, mzamiaji si kitu tena. Wataleta fundi, mimi nitapewa barua.

Saruni alipokuwa akiikunja kamba aliuliza, "Kuko salama?" Nikasema salama.

Jumamosi, 5 Oktoba

Maji yamekatika.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimezama mara tatu mbele ya kijiji kizima. Mara ya tatu nimetoka nikasema, limenishinda, leteni fundi. Rehani aliniangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Ameandika barua wilayani. Mimi barua yangu anasema tutaizungumza fundi akishafika.

Jumatano, 9 Oktoba

Fundi hajaja. Jonathan anasema gari lao halina dizeli. Mama bado yuko mlangoni, amekaa kitako.

Saruni na mke wake wanateka kwa ndoo tangu alfajiri, wanamimina kwenye karai, ng'ombe mmoja mmoja. Arobaini. Nimewasaidia kuteka hadi magharibi. Mke wake, Nkasiogi, amenishukuru kwa lugha yao, na kwa mkono wake ameugusa mkono wangu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Napus amekufa. Ni yule wa kijivu. Alikuwa na mimba.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilimwambia Rehani nitajaribu tena. Nilizama nikitaka kulitoa furushi lote na yaishe. Silifikii. Katani ikilowa inavimba na kujifunga yenyewe, mtu aliyezaliwa kwenye shamba la mkonge asiyejua hilo ni mimi peke yangu, na maji yamelivuta ndani zaidi. Niliingiza mkono mpaka bega, nikagusa kwa ncha za vidole tu.

Nilipopanda Saruni alikuwa amemaliza majina mapema. Sikumuuliza. Napus hatajwi tena.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wawili.

Jumatano, 16 Oktoba

Mmoja, na ndama wake.

Alhamisi, 17 Oktoba

Idd. Pilau imepikwa kwa maji ya ndoo. Rehani ametoa khutba fupi ya kuvumiliana, kisha amekuja kwangu na sahani. Anasema wilaya wameandika kumuuliza kwa nini kijiji cha mfano hakina maji. Hapati usingizi. Nilikuwa nimezoea kumwona kama kufuli. Leo nimeona ni mtu aliyefungiwa ndani kama sisi, ila yeye amepewa kusimama mlangoni.

Nilikula pilau yake.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemtengenezea Saruni kazi: apinde nondo iwe ndoano ndefu. Hakuuliza kwa nini najua kinachohitajika ni ndoano. Nimezama mara nne. Imetoka katani kiasi cha kiganja, nimeificha kiunoni. Watatu wengine wamekufa, Mugie mmojawapo. Saruni anawachuna ngozi mwenyewe.

Jumatatu, 21 Oktoba

Wamefika kumi na mmoja. Namba hii naiandika mimi, yeye hawezi kuitamka. Waliobaki ishirini na tisa.

Nimepiga hesabu nyingine. Kila anapokufa mmoja, pumzi yangu inapungua kwa jina moja. Majina kumi na moja ni muda wa kufungua chujio na kulifunga. Nikimwomba aniongezee muda atauliza nahitaji muda wa nini.

Jumanne, 22 Oktoba

Mkono wa kulia umevimba, naandika kwa taabu, lakini sitaiacha siku hii ipite bila kuandikwa.

Tulifika shimoni asubuhi, jua bado la upole. Watu walikuwa wengi, Rehani mbele. Saruni alilowesha kamba, akanikabidhi jiwe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema tu, "Nenda, rudi."

Mara ya kwanza na ya pili nilifanya kazi ya ndoano. Furushi lilianza kusogea. Mara ya tatu nilipumzika sana ukingoni, nikapumua polepole mpaka vidole vikawa vyepesi, nikalikumbatia jiwe, nikajiachia. Narok. Sambu. Keri. Maji ya juu ni ya vuguvugu, kisha yanakuja ya baridi, masikio yanabana, unayameza, yanaachia. Chini nililiweka jiwe mahali pake, kamba ikagusa bega langu, nikajua njia ilipo.

Niliiacha ndoano nikaingiza mkono. Safari hii nilifika. Nililishika furushi kwa ngumi nzima, nikalivuta, nikalisikia likiachia. Na lilipoachia tu, maji yote ya shimo yalilikimbilia bomba, na bomba likaumeza mkono wangu hadi kwenye bega, shavu langu likapigizwa kwenye chuma.

Nilivuta. Haukutoka. Ngumi yangu ilikuwa imeshika katani, na ngumi iliyoshika haikuweza kupita mlemle ulimopita mkono ulionyooka. Nilijua hivyo mara moja. Nilijua pia kwamba nikiifungua ngumi, furushi litakwenda na maji, litatokea birikani bondeni mbele ya kila mtu, katani mbichi ya mwaka huu. Kwa hiyo sikuifungua. Nipo pima saba chini, sina pumzi, na nilichokuwa nawaza ni aibu.

Moyoni niliendelea kutaja. Kifua kilianza kuruka chenyewe kutafuta hewa. Nikafika kwa Naibor, nikafika kwa Narok mdogo, nikafika kwa Nanyokie. Wa mwisho. Nikaungoja mguso ule wa kamba ikiniacha begani. Sikulia, maana chini hakuna pa kulia, lakini nilimwomba mama msamaha kwamba sitafika.

Kamba haikuondoka.

Nilingoja tena. Ilikuwa palepale, imetulia begani. Nilijua Saruni hakosei majina. Sikuelewa kitu ila kwamba njia bado ipo. Nikafungua vidole. Furushi lilinitoka kwa nguvu, maji yakalegea kidogo lilipokuwa likipita kwenye kona, na katika kulegea huko niliuchomoa mkono, ngozi ya kiwiko ikabaki hukohuko. Niliikamata kamba. Sikumbuki kupanda. Nakumbuka mwanga wa kijani, kisha wa njano, kisha hewa.

Na jambo la kwanza nililolisikia, kabla ya kelele za watu, ni sauti ya Saruni karibu kabisa na kichwa changu, imekauka, ikitaja jina.

"Napus."

Alinishika kwapani akanitoa. Nilipoweza kusema nilimwambia, "Nanyokie ulishamtaja."

"Nilimtaja."

"Kwa nini hukuvuta?"

"Nilivuta kidogo. Kamba ilikuwa na jiwe tu, haina mtu. Nikajua nikiitoa hutarudi." Alijifuta uso. "Walio hai walikuwa wameisha. Nikataja waliokufa."

Kwao marehemu hatajwi, mtu wala ng'ombe wa boma. Amewataja wote kumi na mmoja, kuanzia wa jana kurudi nyuma hadi wa kwanza, mbele ya mke wake na watu, ili mimi nipate pa kushika.

Bondeni walipiga vigelegele. Maji yalikuja yakiwa mekundu kwa tope, kisha meupe. Furushi lilitokea birikani kama nilivyojua. Rehani aliliinua kwa kijiti, akalizungusha, akasema, "Uchafu wa Mgiriki. Miaka yote hii umelala humo ndani." Watu wakakubali. Kuna aliyesema Wagiriki walikuwa wabaya. Nilikuwa nimeketi hapo na mkono kwenye kanga, na hakuna mtu hata mmoja aliyenitazama vibaya. Mlango wote ulikuwa wazi, nipite tu nikae kimya.

Jumatano, 23 Oktoba

Nilimfuata Saruni birikani. Ng'ombe walikuwa wakinywa bila kuinua vichwa. Nilisimama upande wa pili wa birika ili tuwe na kitu katikati yetu.

"Saruni. Ile katani si ya Mgiriki. Niliiweka mimi."

Hakugeuka. "Uliiweka wewe namna gani?"

Nilimweleza yote, tangu tonge la kwanza, sukari ya dukani, mama, barua, mpaka ngumi yangu kwenye bomba. Sikujitetea. Nilipotamani kujitetea niliuma mdomo. Alinisikiliza huku akimkuna Nanyokie shingoni.

"Napus alikuwa na mimba," alisema.

"Najua."

"Mke wangu alikushika mkono."

"Najua, Saruni."

Kisha nilimuuliza jambo ambalo sikupaswa kumuuliza. "Ungejua jana, ungeendelea kutaja?"

Alifikiri kweli. Hakutaka kunidanganya wala kunifurahisha. "Sijui," alisema. "Mungu alifanya vizuri nisijue."

Aliichukua kamba iliyokuwa imeanikwa, akaikunja, akaniwekea juu ya ukuta wa birika. "Mimi sitakushikia tena."

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimesema mbele ya mkutano. Nilisimama, nikasema kwa sauti ya kawaida, nikakaa. Kwanza walicheka, wakidhani maji yameniingia kichwani. Kisha hawakucheka. Mwanamke mmoja alisema amebeba ndoo wiki tatu na mtoto tumboni. Rehani alisema lile neno, uhujumu, na mgambo wakasogea. Alikuwa na hasira, lakini nilimwona pia anashusha mabega, kwa sababu sasa ana la kuwajibu wilaya, na kosa si lake.

Saruni aliomba kusema. Wafugaji huwa hawasemi katika mikutano yetu.

"Mwenyekiti, ng'ombe ni wangu. Ukimfunga huyu, hawatafufuka. Mpe barua aende kwa mama yake. Mimi sitaki kumwona birikani. Na mimi nipe barua yangu, wale waliobaki niwapeleke Mkomazi."

Hakuna aliyempinga. Mwalimu Grasiana alikuwa ameinamia mikono yake. Rehani aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu, bomba likiziba itakuwaje? Nikasema haliwezi kuziba kabla ya masika, na hata hapo mtu mwenye ndoano ile na kamba anaweza. Kwa mwezi mmoja na nusu nilikuwa nikiisaka barua, na iliandikwa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Ina mistari mitatu. Nilikuwa nimeomba wiki mbili. Siku ya kurudi hakuiandika.

Magoma, Korogwe. Jumamosi, 26 Oktoba

Nimefika kwa lori la Jonathan. Mgambo wa njia panda wameisoma barua, wakanirudishia. Mama amenitambua. Ni mdogo sana.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mawingu upande wa Lutindi. Hayajashuka. Mama amekula vijiko vitatu.

Jumatatu, 4 Novemba

Ameniuliza kuhusu mkono. Nikamwambia nimeumia kazini. Akauliza, "Nani alikuwa anakushikia kamba?"

"Mtu mmoja anaitwa Saruni."

"Anajua kuhesabu?"

"Anajua, mama. Kuliko watu wote."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Baba alikuwa akisema alimwoa kwa sababu ya mkono ule usiokosea kamba.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua imeanza adhuhuri, ya vuli kabisa, nzito, inapiga bati la jirani. Kule Kwamwenda shimo linajaa. Sijui Saruni amefika wapi na ng'ombe wake, kama nyasi zimeota njiani, kama Nanyokie amevuka mto.

Mama nimemlaza kwenye kifua changu, kwa kuwa akilala chali inakatika upesi. Anavuta pumzi moja, halafu kimya. Nimegundua kwamba mkono wangu uko mgongoni kwake na mdomo wangu unatembea wenyewe. Narok. Sambu. Keri. Mara anavuta nyingine, narudi mwanzo. Tangu mvua ianze nimerudi mwanzo mara nyingi, na kila mara kimya kinakuwa kirefu zaidi: nimefika kwa Naibor, nimefika kwa Narok mdogo.

Jirani amekuja mlangoni na mwavuli, akaniuliza kama amsomee Yasini. Nikamwomba angoje kidogo nje.

Safari hii nimefika kwa Nanyokie na mama hajavuta. Sikuiachia kamba. Nimeanza na wale waliokufa, taratibu, kila mmoja na nafasi yake, wa mwisho kurudi nyuma hadi wa kwanza.